Kosa Moja, Mizani Mbili

Siku moja baada ya Krismasi ya mwaka 1908, polisi wa Sydney, Australia, waliamuru pambano la ngumi lisimamishwe katika raundi ya 14. Tommy Burns wa Kanada, bingwa wa dunia wa uzito wa juu, alikuwa hoi bin taaban. Mbele yake alisimama Jack Johnson, mzaliwa wa mji wa bandari wa Galveston katika jimbo la Texas, mtoto wa wazazi waliowahi kuwa watumwa. Siku hiyo dunia ilipata bingwa mweusi wa uzito wa juu kwa mara ya kwanza.

Ushindi huo haukuja kirahisi. Kwa miaka mingi mabingwa Wazungu walikuwa wamejiwekea mwiko: hawapandi ulingoni na mtu mweusi kugombea ubingwa. John L. Sullivan aliutangaza mwiko huo hadharani na bado akabaki kipenzi cha magazeti, ingawa ulevi wake ulijulikana nchi nzima. Jim Jeffries naye aliushika mwiko huohuo mpaka akastaafu bila kupigwa, akaenda kulima California. Johnson ilimbidi amfuate Burns nchi hadi nchi, na hata alipokubaliwa, Burns alihakikishiwa dola 30,000 na yeye akaambulia 5,000.

Kando ya ulingo alikaa mwandishi wa riwaya Jack London, aliyetumwa na gazeti la New York Herald. London alikiri waziwazi kwamba Johnson alikuwa bora kwa kila kitu. Lakini alimalizia taarifa yake kwa wito: Jeffries atoke shambani kwake, arudi ulingoni, alifute lile tabasamu usoni mwa Johnson.

Hilo tabasamu ndilo lilikuwa shtaka la kwanza. Johnson hakumpiga Burns chini ya mkanda wala hakudanganya mtu. Alicheka. Alikuwa na meno ya dhahabu, alimtania mpinzani wake, akajibizana na watazamaji huku ngumi zikiendelea. Mabondia wengi kabla yake walikuwa wametamba kuliko hivyo, na wakasifiwa kwa kujiamini. Kwake yeye, furaha iliandikwa kuwa ufidhuli. Katika historia hii ndefu ya magazeti na wanamichezo, tutaona jambo hilo likijirudia: kitendo kinabaki kilekile, jina lake linabadilika kulingana na rangi ya aliyekitenda.

Barua kwa weusi wote

Jeffries aliitikia wito. Magazeti yalimpa jina la Tumaini la Wazungu, na yeye mwenyewe hakuficha kwamba anarudi kuthibitisha ubora wa mzungu. Pambano liliwekwa Reno, Nevada, tarehe 4 Julai 1910, sikukuu ya uhuru wa Marekani. Watu wapatao 20,000 walikaa kwenye jua kali kulishuhudia. Katika raundi ya 15 Jeffries, ambaye hakuwahi kuangushwa maishani mwake, alikwenda chini zaidi ya mara moja, na watu wake wakaingilia kati kumwokoa.

Habari zilisafiri kwa nyaya za telegramu hadi kwenye ofisi za magazeti, ambako maelfu ya watu walikuwa wamekusanyika nje kusubiri matokeo. Usiku ule fujo zilizuka katika miji mingi. Mara nyingi zilianzishwa na makundi ya Wazungu wenye hasira waliowavamia weusi waliokuwa wakishangilia, au waliokuwa wakipita njia tu. Watu wapatao 20 waliuawa, wengi wao wakiwa weusi, na mamia wakajeruhiwa.

Basi nani alipaswa kuonywa? Gazeti la Los Angeles Times lilitoa tahariri iliyoelekezwa kwa mtu mweusi. Lilimwambia asiinue pua juu mno, asivimbe kifua, kwa kuwa hakuna kilichobadilika katika maisha yake na hakuna atakayemfikiria zaidi kwa sababu ya ushindi wa Reno. Tahariri hiyo haikumlenga Johnson peke yake. Ilimlenga mpishi, dobi, mbeba mizigo wa stesheni na mwalimu wa shule ya weusi, watu ambao hawakuwahi kuvaa glavu za ngumi. Aliyepigana alikuwa mmoja, walioonywa wakawa mamilioni. Na kwa wale waliochoma na kuua usiku ule, nani aliandika tahariri ya kuwaambia Wazungu wote wajirekebishe?

Hapo ndipo mizani mbili zinapoonekana wazi. Mwanamichezo mzungu akikosea, anakosea peke yake, na kosa lake linazikwa naye. Mweusi akikosea, au hata akishinda na kufurahi, anahesabiwa kuwa ametenda kwa niaba ya kila mwenye ngozi kama yake.

Mwaka 1912

Kama kuna mwaka unaotuwezesha kuzisoma mizani hizo zikiwa bega kwa bega, ni 1912.

Tarehe 15 Mei mwaka huo, timu ya besiboli ya Detroit ilikuwa ikicheza New York. Nyota wake alikuwa Ty Cobb wa jimbo la Georgia, mchezaji hodari kuliko wote wa wakati wake na mwenye hasira za karibu. Shabiki mmoja, Claude Lueker, alikuwa akimtukana tangu mchezo ulipoanza. Mwishowe akamwambia kwamba ana damu ya mtu mweusi. Cobb aliruka uzio, akaingia jukwaani, akamshambulia kwa ngumi na mateke. Lueker hakuweza kujikinga. Ajali ya kazini ilikuwa imemwachia vidole viwili tu. Watu walipopiga kelele kwamba mtu huyo hana mikono, inasimuliwa kwamba Cobb alijibu hajali hata kama hana miguu.

Cobb alisimamishwa. Wachezaji wenzake wakagoma kwa kumuunga mkono, na tarehe 18 Mei Detroit ikalazimika kuokoteza watu wa mitaani kucheza Philadelphia, wakafungwa 24 kwa 2. Wawakilishi wa Georgia katika Bunge la Marekani walimtumia Cobb telegramu ya kumpongeza kwa kuitetea heshima yake. Adhabu yake ilikuwa siku kumi nje ya uwanja na faini ya dola 50. Yapo magazeti yaliyomlaumu, na haki ni kuyataja. Lakini hata yaliyomlaumu yalimlaumu Cobb. Hakuna lililouliza Wazungu wana nini hata wazae mtu wa kumpiga kilema. Mwaka 1936, waandishi wa habari za besiboli walipopiga kura ya kuwachagua wachezaji wa kwanza wa Jumba la Heshima la mchezo huo, Cobb alipata kura 222 kati ya 226, akamshinda kila mtu, hata Babe Ruth.

Turudi 1912. Mwezi Oktoba, Jack Johnson alikamatwa Chicago. Shtaka lilitokana na sheria ya mwaka 1910 iliyotungwa kuzuia biashara ya kuwasafirisha wanawake kutoka jimbo moja hadi jingine kwa ajili ya ukahaba. Mwanamke aliyetajwa, Lucille Cameron, alikuwa mzungu, na alikataa kutoa ushahidi. Kabla mwaka haujaisha alifunga ndoa na Johnson. Waendesha mashtaka wakamtafuta mwanamke mwingine wa kizungu aliyewahi kuwa naye zamani, na Juni 1913 baraza la wazee wa mahakama, wote Wazungu, likamtia hatiani. Hukumu ilikuwa kifungo cha mwaka mmoja na siku moja.

Magazeti yalikuwa yameshamhukumu zamani. Yalihesabu magari yake ya kasi na faini zake za barabarani, yalihesabu suti zake, na zaidi ya yote yalihesabu wake zake. Wachora vibonzo walimpa midomo na mikono ya nyani. Mwezi Desemba 1912 mbunge wa Georgia, Seaborn Roddenbery, alisimama bungeni kuitumia ndoa ya Johnson kama hoja ya kutaka katiba ya Marekani ipige marufuku ndoa kati ya weusi na Wazungu nchi nzima. Miezi saba tu ilikuwa imepita tangu wawakilishi wa jimbo hilohilo wampongeze aliyempiga mtu mwenye vidole viwili tu.

Tuseme ukweli wote. Johnson hakuwa malaika. Alimpiga mkewe wa kwanza mzungu, Etta Duryea, mpaka akalazwa hospitali, na Septemba 1912 mama huyo aliyelemewa na huzuni na upweke alijiua. Hilo lilikuwa kosa la kweli, lenye mtu wa kweli aliyeumia. Lakini silo lililompeleka mahakamani, wala silo lililowatia wahariri hasira. Waliona mwanamke mzungu mkononi mwa mtu mweusi, na machozi ya mwanamke mwenyewe hawakuyaona. Mizani iliyoharibika ina ubaya huo pia: humwelemea mtu kwa yasiyo makosa, na wakati huohuo humsahau aliyekosewa kwelikweli.

Wahenga walisema, mnyonge mnyongeni, haki yake mpeni. Wanaolalamikia upendeleo wa magazeti hawaombi Johnson asamehewe kipigo kile. Wanaomba ahukumiwe kwa kipigo kile.

Bingwa asiyeruhusiwa kucheka

Johnson alikimbilia Ulaya, akapoteza ubingwa mbele ya Jess Willard mjini Havana tarehe 5 Aprili 1915, akarudi mwaka 1920 kutumikia kifungo chake. Baada yake mlango ulifungwa. Kwa miaka 22 hakuna mtu mweusi aliyepewa nafasi ya kugombea ubingwa wa dunia wa uzito wa juu.

Joe Louis alipoanza kupanda katika miaka ya 1930, mameneja wake, John Roxborough na Julian Black, wote weusi, walijua magazeti yatamtazama kwa jicho la Johnson. Wakamwekea masharti. Asipigwe picha na mwanamke mzungu. Asiingie klabu ya usiku peke yake. Asimsimange mpinzani aliyemwangusha. Na mbele ya kamera, uso wake usionyeshe kitu. Kijana wa miaka ishirini na kidogo alifundishwa kuwapiga watu makonde mazito kisha asifurahi, kwa sababu mwenzake aliyemtangulia alikuwa ametabasamu Sydney.

Miaka michache kabla ya hapo Babe Ruth alikuwa ametawala besiboli. Alikunywa pombe enzi ambayo pombe ilikuwa marufuku kisheria, alikesha na wanawake, na mwaka 1922 alipanda jukwaani kumfukuza shabiki aliyemzomea, akatozwa dola 200 na kuvuliwa unahodha. Waandishi waliosafiri naye kwenye treni waliona mengi na kuandika machache. Waliyoyaandika yalimfanya mtoto mkubwa mwenye moyo mwema, wa kupendwa pamoja na utundu wake.

Louis aliishika nidhamu yake, akatwaa ubingwa Chicago tarehe 22 Juni 1937, na mwaka mmoja baadaye akamlaza Mjerumani Max Schmeling katika raundi ya kwanza. Taifa zima lilimshangilia. Hata hivyo wapo waandishi mashuhuri waliomwelezea kama mnyama wa porini aliyefundishwa kupigana, na sifa iliyorudiwa kuliko zote ilikuwa kwamba yeye ni fahari ya rangi yake. Lilikusudiwa kuwa neno jema. Lakini ni mzigo uleule uliogeuzwa upande. Johnson aliwaaibisha wote, Louis akawasitiri wote. Hakuna hata mmoja kati yao aliyeruhusiwa kuwa mtu mmoja.

Jina la mtu

Mwaka 1964 kijana mwingine alikataa masharti hayo. Siku chache baada ya kumpiga bingwa wa uzito wa juu, Sonny Liston, huko Miami Beach, Cassius Clay alitangaza kwamba ni Mwislamu, na muda si mrefu akawa Muhammad Ali. Kwa miaka kadhaa magazeti makubwa, likiwemo New York Times, yaliendelea kumwandika Clay. Bingwa aliyewahi kutawala uzito huo miaka michache kabla yake, Rocky Marciano, alizaliwa Rocco Marchegiano, na hakuna mhariri aliyeshikilia jina la ubatizo wake. Jina la Marciano lilikuwa la ulingoni, jina la Ali likawa kosa la jinai la kalamu. Alipokataa kwenda vitani Vietnam mwaka 1967 akanyang'anywa ubingwa, lugha ikazidi ukali, mpaka Mahakama ya Juu ya Marekani ilipofuta hatia yake mwaka 1971. Mwaka 1974, alipopigana na George Foreman mjini Kinshasa, uwanja mzima uliimba jina lake alilolichagua. Hakuna aliyekuwa amewalazimisha.

Tusidhani hayo yaliishia karne iliyopita. Januari 2014, Richard Sherman, beki wa timu ya mpira wa Kimarekani ya Seattle Seahawks na mhitimu wa Chuo Kikuu cha Stanford, alizuia pasi mwishoni mwa mchezo dhidi ya San Francisco, timu yake ikafuzu fainali. Dakika chache baadaye, mwandishi alipomwekea kipaza sauti, alipayuka kwa kelele kwamba yeye ndiye bora, na akamponda mpinzani wake. Hakutukana wala hakumgusa mtu. Kesho yake runinga na redio zilijaa neno moja: mhuni. Sherman alijibu kwa utulivu. Aliwakumbusha waandishi kwamba siku hizohizo wachezaji wa hoki ya barafu walikuwa wameanza kupigana mara tu mchezo ulipoanza. Hao hawakuitwa wahuni. Yeye aliyepaza sauti ndiye aliyeitwa hivyo.

Na Septemba 2018, Serena Williams, mcheza tenisi mweusi, alipogombana na mwamuzi katika fainali ya US Open, gazeti la Herald Sun la Melbourne lilimchora akiwa na midomo minene, akiruka juu ya raketi yake kama mtoto mchanga. Miaka 110 ilikuwa imepita tangu Sydney, nchi ileile. John McEnroe, mcheza tenisi mzungu, aliwafokea waamuzi kwa miaka, na kelele zake maarufu za Wimbledon mwaka 1981 baadaye zikawa kichwa cha kitabu chake.

Nyumba mbili

Sisi huku Afrika Mashariki habari hii hutufikia hasa kupitia mpira wa Uingereza. Jumamosi jioni, vibanda umiza vya Dar es Salaam, Mombasa na Kampala hujaa watu wanaomjua kila mchezaji wa Manchester City au Arsenal kwa jina. Pamoja na mpira tunapokea pia vichwa vya habari vya London, na mara nyingi tunavirudia kama vilivyo: huyu anajidai, yule hana nidhamu, huyu pesa zimemlevya. Hatukumbuki kuuliza nani alizishika mizani.

Mei 2018, mwezi uleule ambao Rais wa Marekani alitia saini msamaha wa Jack Johnson, karibu miaka 72 baada ya kifo chake, magazeti ya Uingereza yalimshambulia Raheem Sterling, wakati huo mchezaji wa Manchester City, kwa sababu ya mchoro wa bunduki alioutia mguuni. Sterling, mzaliwa wa Kingston, Jamaika, alieleza kwamba baba yake aliuawa kwa risasi yeye akiwa na miaka miwili, kwamba aliapa hatagusa bunduki maishani, na kwamba mguu ule wa kulia ndio anaopigia mpira. Miaka miwili kabla ya hapo alikuwa amesemwa kwa kumnunulia mama yake nyumba, kana kwamba ametenda dhambi.

Tarehe 8 Desemba 2018, siku aliyotimiza miaka 24, Sterling alikwenda kuchukua mpira karibu na jukwaa la Stamford Bridge, uwanja wa Chelsea. Mashabiki kadhaa wa Chelsea walimtolea maneno machafu, na mmoja wao baadaye alifungiwa maisha na klabu hiyo. Yeye alicheka, akarudi uwanjani. Tabasamu la Johnson lilikuwa limemrudia bingwa mwingine.

Kesho yake hakuandika malalamiko marefu. Aliweka kwenye ukurasa wake wa Instagram vichwa viwili vya habari vya gazeti la Daily Mail kuhusu vijana wawili wa Manchester City, wote wakiwa ndio kwanza wanaanza maisha ya soka. Akasema kwamba wote wawili walifanya jambo moja jema, la kuwanunulia mama zao nyumba. Kuhusu Phil Foden, mzungu, gazeti liliandika kwamba nyota chipukizi amemnunulia mama yake nyumba mpya ya pauni milioni 2. Kuhusu Tosin Adarabioyo, mweusi, liliandika kwamba kijana wa miaka 20 anayelipwa pauni 25,000 kwa wiki amemwaga fedha kwenye jumba lenye bei ya pauni milioni 2.25, ilhali hajawahi kuanza mechi hata moja ya Ligi Kuu.

Visome tena vichwa hivyo viwili. Katika cha kwanza tunaiona nyumba, tunamwona mama, tunaona mtoto anayekumbuka alikotoka. Katika cha pili tumebakiwa na mshahara, bei na kijana asiyestahili. Mama ameondolewa. Mama yule pia alimlea mwanawe na kumtakia mema, lakini aliyeandika hakumpa nafasi hata ya neno moja.